Baba ndo katoa figo, mimi namfanyisha mtoto mazoezi kwa siri

BARUA

Habari dada mshauri. Nakusoma muda mrefu ila sikuwahi kufikiria kuna siku nitaandika mimi. Naomba usiweke jina langu.

Nina binti wa miaka 10. Figo zake zilifeli akiwa na miaka 7, akawa anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki miaka miwili, yani maisha yetu yote yalikua ni kile kiti cha hospitali, tunarudi nyumbani kulala halafu tunaenda tena. Miezi kumi iliyopita akapandikizwa figo na aliyetoa ni baba yake. Mimi nilipimwa nikakutwa na presha wakanikataa, nililia sana siku ile, sijui nilikua namlilia mtoto au najililia mwenyewe. Upasuaji ulienda vizuri, kreatinini, kile kipimo cha damu cha kuona figo inavyofanya kazi, ipo sawa mpaka leo, dawa anameza kila masaa 12 bila kukosa na baba yake ndo anaweka alamu na kushika kidaftari cha dawa. Nakwambia haya ili usimuone ni mtu mbaya. Sio mbaya.

Shida yenyewe ni hii. Mtoto alivyotoka hospitali alikua hawezi kupanda ngazi za ghorofa moja bila kukaa katikati kupumzika. Miguu myembamba, uso umejaa sababu ya zile dawa za steroidi, akitembea kidogo anashika ukuta. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji kliniki wakatuambia kuna mpango wa mazoezi kwa simu ya video, mtaalamu wa fiziotherapia anakaa kule hospitali na mtoto anakua nyumbani, wanaonana kwenye tableti, mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, maana sisi tunakaa mbali, kwenda na kurudi ni siku nzima na kumbananisha mtoto aliyeshushwa kinga na dawa za figo kwenye gari limejaa watu kila wiki hapana. Nilifurahi. Baba yake akakataa. Tukiwa pale pale kwenye korido akaniambia, "Figo moja nimeshatoa, hii ikipata shida mimi sina nyingine ya kumpa." Nikanyamaza. Ungejibu nini hapo?

Tangu siku hiyo mtoto hakimbii. Akiruka kidogo tu sebuleni anaitwa jina kwa ile sauti. Shuleni baba kaandika barua asihusishwe kwenye michezo, wenzie wakiwa uwanjani yeye anawashikia masweta. Siku moja ananiuliza, mama mi bado naumwa? Nikamwambia hapana umepona. Akasema sasa mbona nakaa kama naumwa.

Bas nikapiga simu kliniki mwenyewe nikamuandikisha. Daktari wake alikua alisharuhusu toka mwanzo. Jumanne na Ijumaa saa kumi jioni, baba yake anarudi saa kumi na mbili, tunasogeza meza tunaweka tableti kwenye kiti tunaanza, tukimaliza tunarudisha kila kitu kilipokua. Sasa hivi tupo wiki ya saba. Wiki ya kwanza walimpima kuinuka na kukaa kwenye kiti nusu dakika akafikisha mara 9, juzi kafika 16. Nilitamani nimpigie mtu nimwambie, na mtu pekee niliyetaka kumwambia ndo huyo huyo nisiyeweza kumwambia.

Ijumaa iliyopita mtandao ukaganda katikati ya mazoezi, mtoto alikua anaruka kamba tuliyoilaza chini, mimi nimegeuka nahangaika na tableti nikasikia puu, kajikwaa kajigonga kwenye kona ya meza, kwa mbele chini ya tumbo upande ule ule wa figo. Mikono ilinitetemeka. Nikapiga namba ya wodi nikawaambia mtoto kajigonga kiunoni, wakasema niangalie mkojo, na kama kuna maumivu makali au uvimbe nimlete. Hakikutokea kitu, mkojo msafi, kimebaki kialama tu, nikaenda kazini maana Ijumaa nina zamu ya usiku. Lakini kabla sijatoka mtoto akanishika mkono akasema, "Mama usijali, baba akiuliza nitasema ni mlango wa bafuni." Alinituliza kama mtu mzima anavyomtuliza mwenzie. Sijalala vizuri toka siku hiyo.

Sasa mtaalamu anataka wazazi wote wawili tuwepo kwenye tathmini ya wiki ya nane. Mara mbili nishamdanganya mtaalamu kwamba baba yuko safarini. Najua mume wangu akijua atasimamisha kila kitu. Amezidi, juzi narudi kazini nakuta kazungushia sponji kona zote za meza ya sebuleni na kufunga na gundi ya karatasi, mtoto wa miaka 10 jamani. Nimwambie? Nimalize zile wiki tano zilizobaki ndo nimwambie akishaona matokeo? Au niache tu yaishe?

Mama wa Jumanne na Ijumaa

JIBU

Dada yangu, asante kwa kuniamini. Nimeisoma barua yako mara tatu na kabla ya yote kuna sentensi moja imenishtua, acha nianze nayo. Umesema mtoto kajigonga kwa mbele chini ya tumbo upande wa figo, lakini wodini uliwaambia kajigonga kiunoni. Mtu akisikia kiunoni anafikiria mgongoni, zilipo figo alizozaliwa nazo. Figo iliyopandikizwa inawekwa mbele, chini kidogo ya usawa wa kitovu karibu na nyonga, haina mbavu za kuikinga. Naomba uwapigie leo uwaambie hasa ni wapi, hata kama siku zimepita na mtoto anacheka. Wanaweza kusema bas sawa, wanaweza kutaka wapime mkojo au wampige altrasaundi, hilo waachie wao. Na ukiona mkojo mwekundu au wa kahawia, mkojo umepungua, panauma au pamevimba pale kwenye kovu, au homa imefika 38, hapo husubiri simu, unampeleka.

Haya sasa tuongee.

Nikikusikia vizuri, una mtoto aliyepona ambaye hajapata ruhusa ya kuishi kama aliyepona. Ukaitafuta hiyo ruhusa mwenyewe, ukaipata, inafanya kazi, namba zinaonyesha. Ila umeipata kwa kumzunguka baba yake ambaye ndo mwili wake uko ndani ya mwili wa mtoto, na sasa siri imeanza kukuzidi uzito na mtoto kaishika upande mmoja akusaidie kuibeba. Nadhani ule mlango wa bafuni ndo uliokufanya uandike, kuliko hata meza.

Kuhusu mazoezi yenyewe nikwambie ninachokijua ili usidhani ulikosea kuyataka. Mtoto aliyesafishwa damu miaka miwili anaingia kwenye upasuaji misuli imeshapungua na damu mara nyingi ni pungufu, halafu anatoka anapewa steroidi ambazo zinaisaidia figo isikataliwe lakini zinakula misuli na kudhoofisha mifupa. Kwahiyo figo inaweza kuwa inafanya kazi vizuri kabisa na mtoto bado hana pumzi. Watoto wengi waliopandikizwa wanabaki nyuma ya wenzao kwenye pumzi na nguvu, na moja ya sababu ambazo wataalamu wanazitaja, mbali na ugonjwa na dawa, ni sisi wazazi kuwazuia. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linataka watoto wa miaka 5 mpaka 17 wapate kwa wastani dakika 60 za kujishughulisha kila siku, na mwongozo huo unagusa hata watoto wenye ulemavu, kila mmoja kwa uwezo wake na ushauri wa daktari wake. Na kwa waliougua figo mishipa ya moyo inahitaji ulinzi kuliko kwa watu wengine. Kumkalisha nako kuna hatari zake, ila ni hatari zinazokuja taratibu na hazipigi kelele kama kona ya meza.

Lakini na yeye mume wako hajakosea kila kitu. Figo ipo mbele, haina kinga, na kweli mtoto kagonga pale pale alipokua anaogopa. Madaktari wengi huwakataza waliopandikizwa figo michezo ya kupigana na kugongana kama ngumi, karate na raga, ila kutembea, kukimbia, baiskeli, kucheza muziki, hata kuogelea kidonda kikishapona vizuri, kwa kawaida wanaruhusu. Hofu yake imeshika jambo la kweli halafu ikalitandaza mpaka kwenye ngazi na uwanja wa shule. Ukimwambia "unaogopa bure" hatakuelewa, kwasababu haogopi bure.

Na hapa nataka nikuulize kitu, usikasirike. Huyu baba tangu alipotoka theta kuna mtu alishamuuliza yeye anaendeleaje? Siku ile alilala kitanda kimoja na mtoto akalala kingine, akaamka wote mnamuangalia mtoto, ndivyo inavyokua kwa watu wengi wanaotoa figo. Je anaenda kliniki yake mwenyewe ya kupimwa presha na figo iliyobaki, maana mtoaji naye anatakiwa afuatiliwe miaka yote? Saa ingine mtu anayesema "sina nyingine ya kumpa" anasema mambo mawili, moja la mtoto na moja la kwake mwenyewe. Kama ana wasiwasi na mwili wake kuna mtu mmoja angependa kumjua, Ronald Herrick, yule aliyempa pacha wake figo kule Boston mwaka 1954 kwenye upandikizaji wa kwanza uliofanikiwa, aliishi na figo moja mpaka 2010. Hiyo ni zaidi ya miaka hamsini. Sijakwambia ili ukamshindie hoja, nimekwambia kwasababu kuna hofu ambazo hazisemwi mpaka mtu mwingine azitaje kwanza.

Umesema pia unajua atasimamisha kila kitu. Unajua, au unakumbuka? Alikataa kwenye korido miezi mitatu baada ya upasuaji, yeye mwenyewe bado kovu lake bichi, mtoto anashika ukuta kutembea. Hajaulizwa tena tangu hapo. Yule aliyekataa alikua anamuangalia mtoto mwingine kabisa na huyu anayeinuka kwenye kiti mara 16.

Halafu kuna zile sponji. Wewe umeziweka kwenye barua kama ushahidi kwamba amezidi na inawezekana kweli amezidi. Ila mimi nilisimama hapo. Mtoto kajigonga kwenye meza Ijumaa, usiku huo ulikua kazini na yeye ndo alikua na mtoto, na siku chache baadae kona zilizofungwa ni za meza, na hadithi aliyoipanga mtoto ilikua ya mlango. Sijui kama mtoto alimwambia au kaona alama akafikiria mwenyewe, au ni bahati tu. Ila ukae na uwezekano kwamba anajua kitu na amechagua sponji badala ya kelele. Kama ni hivyo basi yule unayemuogopa na huyu uliyenaye sio mtu mmoja.

Kwenye kumaliza kwanza wiki tano halafu umuonyeshe matokeo, naelewa utamu wake, ushindi unakuja mkononi. Hatari ninayoiona ni kwamba matokeo na uongo vitafika siku moja, na yeye huenda asisikie 16 wala 20, akasikia miezi mitatu mlikua mnasogeza meza. Pia kuna Ijumaa usiku tano kati ya hapo. Mtoto anafanya mazoezi saa kumi, wewe unaondoka, anayebaki nae hajui kama leo kachoka kwasababu ya mazoezi au kwasababu kuna tatizo, hajui kama maumivu ya tumbo saa nne usiku yana historia. Hili ndo linalonipa wasiwasi kuliko ugomvi wenu. Mazoezi ya mbali yana upungufu mmoja mkubwa, kwamba mtaalamu hana mikono pale, hawezi kumgusa mtoto wala kuona vizuri rangi ya midomo yake kupitia kioo, na mtandao ukiganda hana hata macho. Mikono na macho yake ni mtu mzima aliye chumbani. Kwenu watu wazima ni wawili ila mmoja kafichwa.

Kumwambia mkiwa wawili kuna hatari yake na sitakuficha, anaweza kweli kusema basi inatosha, na ataumia, na ana haki ya kuumia. Wengine wakiwa pale wanakimbilia kutoa namba na maneno ya daktari. Sijui kwenu ikoje ila mimi ningejiuliza unataka aanze kusikia nini, kwamba ulikua sahihi, au ule mlango wa bafuni.

Kumwambia mtaalamu au daktari akiwa kwenye simu ya video, faida ni kwamba maswali yake yanajibiwa na anayejua. Atauliza figo iko wapi na kamba ya kuruka ilikua ya nini, na mtaalamu anaweza kubadilisha mazoezi palepale, meza itoke chumbani kabisa, kuruka kusubiri, mkanda wa raba uchukue nafasi yake. Anaweza hata kumfundisha baba kile kipimo cha kuongea, kwamba mtoto akiweza kusema sentensi nzima anafanya kiasi, akikatika kila neno amezidisha, na hiki nawaambia hata wazazi wengine mnaosoma, haswa wa watoto waliopandikizwa moyo, maana moyo mpya mishipa yake ya fahamu imekatwa na mapigo yanachelewa kupanda na kuchelewa kushuka, kuhesabu mapigo kunadanganya. Ubaya wa njia hii ni kwamba mume wako anaweza kuona amewekwa kikaangoni mbele ya mgeni, na wanaume wengi, sio wote, wakifanyiwa hivyo wanasema ndio kwenye simu na hapana wakishaizima.

Kuacha yaishe nako kuna gharama. Nguvu aliyoipata itaanza kupungua ndani ya wiki chache tu, halafu mtoto anaweza kuelewa kwamba yamesimama kwasababu yeye alianguka. Ukifikia huko angalau aambiwe wazi kwamba sio kosa lake.

Kuna hatua nyingine ndogo ambayo haikufungi kwenye lolote, nayo ni kumwambia yule mtaalamu kwamba baba hayuko safarini. Hayo ameshayaona kwenye familia zingine, nakuhakikishia, na hospitali nyingi zinazopandikiza zina mratibu au mtu wa ushauri nasaha anayejua kuongea na watoaji. Mwenzio mmoja akijua ukweli tu, kichwa kinapata nafasi ya kufikiri.

Mtu mmoja hatujamsikia hapa ni binti mwenyewe. Ana miaka 10, miaka mitatu watu wazima wanaamua kuhusu tumbo lake. Umeniambia alichosema kukutuliza wewe, hujaniambia anapenda nini. Anataka kukimbia au anataka tu asishike masweta ya wenzie? Kuna Michezo ya Dunia ya Waliopandikizwa, ilianza Portsmouth, Uingereza mwaka 1978, na watoto wanashiriki, wanakimbia, wanaogelea. Sisemi mpeleke huko. Nasema huenda hajawahi kumuona mtoto mwingine mwenye kovu kama lake akitoka jasho, na huenda baba yake pia hajamuona. Mkiangalia picha hizo wote watatu siku moja bila ajenda yoyote, sikiliza nani anasema nini kwanza.

Vyovyote utakavyoamua, na utaamua wewe maana ndo unayeishi ndani ya hiyo nyumba, huyo mtoto apewe likizo ya kutunga hadithi za milango. Hilo unaweza kumwambia leo jioni kabla hata hujajua utamwambia nini baba yake. Mwambie tu mama atalishughulikia.

Na uniandikie tena. Niambie wodini wamesemaje, na wiki ijayo kwenye kile kiti kafikisha ngapi.

Dada Mshauri